Kulazwa

Simu iliingia saa 3 usiku, na habari yenyewe ilikuwa ya maneno mawili: shangazi amelazwa. Nikatafuta nauli, nikakunja kanga mbili za kumpelekea, alfajiri nikawa stendi. Ndani ya basi ndipo neno lile lilipoanza kunizunguka kichwani. Mtu akipewa kitanda hospitali, sisi hatusemi amepokelewa wala ameingizwa. Tunasema amelazwa, yaani kuna aliyemfanya alale. Mtoto mchanga hulazwa. Maiti hulazwa. Mgonjwa naye hulazwa, na aliyelazwa hadaiwi kingine ila kulala.

Shangazi alikuwa ameingia kwa miguu yake. Umri wake tunaukadiria tu, cheti cha kuzaliwa hana, lakini sabini na tano imeshampita. Ilikuwa nimonia: homa, kikohozi, pumzi fupi. Pamoja na hayo alishuka kwenye basi, akashika bega la binti yake, akatembea mpaka mapokezi, na kwenye dirisha la wazee akabishana na karani kwa sababu jina la baba yake lilikosewa herufi. Siku ya kumi na moja aliruhusiwa. Daktari alisema kifua kimesafika, na kweli kilikuwa kimesafika. Ila yule tuliyemtoa wodini hakuweza kusimama. Vijana wawili walimbeba mpaka kwenye gari, mmoja kwapani, mmoja magotini, kama watu wanaohamisha kabati.

"Uzee huo," alisema mama wa kitanda cha jirani, na sote tukaitikia. Mtu akishapita sabini, hilo ndilo jibu letu la kila kitu.

Nimelitafakari jibu lile tangu siku hiyo na silikubali tena. Uzee shangazi aliingia nao, akitembea. Siku kumi na moja haziwezi kumzeesha mtu kiasi kile.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ukilisoma haraka unaweza kudhani ni utani. Walichukua watu wachache wenye umri wa wastani wa miaka 67, wazima kabisa, wakawaomba wakae kitandani siku 10. Chakula walipewa cha kutosha na kilichopimwa. Siku 10 zilipoisha, nyama ya miguu yao ilikuwa imepungua karibu kilo nzima. Ukitaka kujua hicho ni kiasi gani, simama buchani, umwambie muuzaji akupimie kilo moja ya steki, kisha uishike mkononi. Na wale hawakuwa na homa, hawakuwa na nimonia inayoula mwili, wala hawakuwa wanakunywa uji mtupu wa asubuhi na jioni kama shangazi.

Si jambo jipya. Mwaka 1947 daktari mmoja wa London, Richard Asher, aliandika katika British Medical Journal makala fupi kuhusu hatari za kukaa kitandani. Alipita kiungo kwa kiungo: damu inavyoganda kwenye mishipa ya miguu, makohozi yanavyotuama mapafuni, mifupa inavyopoteza chokaa yake, choo kinavyofunga, ngozi inavyochubuka, na mwisho hamu ya kuamka inavyomtoka mtu. Aliandika kwa kejeli, kama mtu aliyechoka kuona wenzake wakiagiza kitanda bila kupima kipimo chake, jambo ambalo wasingelifanya kwa dawa.

Kabla yake alikuwapo Marjory Warren. Mwaka 1935 hospitali aliyokuwa akifanyia kazi, West Middlesex, pembezoni mwa London, ilikabidhiwa jengo la jirani la kutunzia maskini. Ndani mlikuwa na wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee, waliolala miezi, wengine miaka. Walihesabiwa kuwa hawaponi, na kwa sababu hawaponi hakuna aliyewachunguza. Warren aliwachunguza, mmoja mmoja. Akakuta wa kiharusi ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kutumia upande uliobaki, akakuta walioingia kwa ugonjwa mdogo wakaendelea kulala kwa mazoea tu. Akawatenganisha, akawakalisha, akawasimamisha, akadai wodi zenye mwanga na vifaa vya mtu kushika anapoinuka. Wengi wakarudi makwao, na sehemu kubwa ya vile vitanda ikawa haihitajiki tena. Ninachompendea mama huyu ni kwamba hakuleta dawa mpya hata moja.

Hata hivyo, kisa cha Warren kinanisaidia nusu ya njia tu. Wazee wake walilala kwa sababu hakuna aliyewajia. Shangazi yangu alilala kwa sababu tulimjia wengi mno.

Anayezijua wodi zetu anazijua saa za kutazama wagonjwa: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni. Kabla ya hapo askari wa getini ni mkali kuliko daktari, na ukoo mzima umekaa chini ya mwembe na chupa za chai na hotipoti. Geti likifunguka, tunaingia kwa msafara. Tulimzunguka shangazi kitanda kizima. Akitaka kukaa, mikono minne inamrudisha kwenye mto: pumzika bibi, usijichoshe, kwani sisi tumekuja kufanya nini? Akinyoosha mkono kuchukua kikombe, kikombe kinamtangulia mdomoni. Mimi mwenyewe nilimlisha wali kwa kijiko, siku tatu mfululizo, mwanamke ambaye mikono yake haikuwa na ugonjwa wowote. Nilijisikia vizuri sana. Nilijiona mtoto mwema.

Kwetu mgonjwa anayejihudumia ni aibu ya ndugu zake. Watasema hana watu. Kwa hiyo kumlaza mzee ni heshima, kumlisha ni heshima, kumfuta uso ni heshima, na kumwambia ainuke mwenyewe afuate bakuli mezani ni ukatili ambao hata muuguzi atakutazama vibaya ukiuthubutu. Hapo ndipo kitendawili changu kilipo, na sijakimaliza. Mapenzi yale ndiyo yaliyomfanya shangazi asiogope usiku. Mapenzi hayo hayo ndiyo yaliyomwondolea kazi mbili tatu za siku ambazo zingeiweka miguu yake hai.

Wauguzi siwatupii lawama. Usiku walikuwa wawili, na vitanda niliacha kuvihesabu nilipofika thelathini, achilia mbali waliolala chini kati ya vitanda. Choo kilikuwa mwisho wa korido, sakafu yake haikauki. Katika hali hiyo mpira wa mkojo unawekwa upesi, si kwa sababu mgonjwa hawezi kukojoa bali kwa sababu hakuna wa kumsindikiza. Shangazi aliwekewa usiku wa kwanza, na kazi ya usiku ule ikarahisika kweli. Kisha mpira ukabaki siku saba. Una hatari yake inayojulikana, ya kupitisha vijidudu mpaka kwenye kibofu, lakini nina hakika madhara makubwa kwa shangazi yalikuwa mengine: hakuwa tena na sababu ya kuondoka kitandani. Safari ya chooni ndiyo ingekuwa mazoezi yake pekee, nasi tulimfungulia njia ya kutokwenda.

Jambo jingine nililigundua kwa kutazama tu. Mzee akianguka wodini, kuna kelele, daktari anaitwa, ndugu wanauliza nani alikuwa zamu, maelezo yanaandikwa. Mzee akilala siku kumi mpaka miguu ikamwishia, hakuna anayeandika chochote. Faili linaonyesha homa imeshuka. Muuguzi mwenye akili timamu, akiwa peke yake na vitanda vile vyote, atachagua nini? Atapandisha vyuma vya pembeni mwa kitanda na kusema, bibi, usishuke.

Usiku wa pili shangazi aliweweseka. Binti yake, aliyeruhusiwa kulala naye, alisimulia kwamba alianza kufukuza mbuzi asiyekuwapo, akamwita marehemu mume wake afunge mlango, akavuta sindano ya dripu mpaka damu ikatapakaa kwenye shuka. Asubuhi akawa mpole, usiku akaanza tena. Nje, chini ya mwembe, kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wa kwanza alisema amepandisha, wa pili akasema kuna mkono wa mtu. Aliyejiona msomi, nami nikiwamo, alisema akili ya uzee ndiyo imeanza.

Haikuwa hata moja. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kunakopanda na kushuka ndani ya siku moja, ni mwili wa mzee kupiga kengele: maambukizi, kukosa maji, dawa mpya, kukosa usingizi, choo kilichofunga, mahali pageni. Mara nyingi huondoka chanzo kikiondoka. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake wa Yale, Marekani, walichapisha kazi iliyofuatilia wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Nusu walipata huduma ya kawaida ya wodi. Nusu waliongezewa mambo ambayo yangemfanya bibi yeyote wa Pangani acheke kusikia yanaitwa utafiti: kukumbushwa leo ni siku gani na yuko wapi, kuinuliwa na kutembezwa, kuvalishwa miwani yao, kusaidiwa kusikia, kupewa maji wanywe, na usiku badala ya kidonge cha usingizi kupewa maziwa ya moto na kukandwa mgongo. Waliochanganyikiwa katika kundi la kawaida walikuwa asilimia 15. Katika kundi la maziwa na miwani, asilimia 9.9.

Kule kazi hiyo ilihitaji kutafutiwa watu wa kujitolea, wafundishwe, wapangiwe zamu. Nilipolisoma hilo nililiona lile kundi letu chini ya mwembe: watu kumi na wawili, wote wako tayari, wote wanamjua mgonjwa kwa jina la utotoni, na wote wanazuiwa getini mpaka saa 10, kisha wanaingia kwa pamoja kumlisha kwa kijiko. Wa kujitolea tunao tele. Ambacho hatuna ni mtu wa kutuambia dakika tano: wewe mpe maji, wewe mtembeze mpaka dirishani, wewe mwambie leo Alhamisi, wengine nendeni nyumbani.

Na miwani ya shangazi ilikuwa kijijini. Tuliiacha makusudi, isije ikaibiwa.

Kuhusu vidonda vya kulalia nitasema kidogo, kwa sababu tuliponea chupuchupu. Kanuni wanayoijua wauguzi wote ni kumgeuza mgonjwa kila saa 2, na kwa uwiano niliouona usiku ule kanuni hiyo ni ndoto. Ndugu anaweza kugeuza, akifundishwa. Lakini kuna jambo ambalo maandishi mengi ya kigeni hayakuandikwa kwa ajili ya ngozi zetu: yanasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani mpaka umechelewa. Unapitisha mgongo wa kiganja kwenye kisigino, kwenye makalio, kwenye mfupa wa nyonga, unatafuta joto, ugumu, au weusi ulioiva kuliko ngozi ya jirani. Muuguzi mmoja wa makamo alimfundisha hivyo binti wa shangazi saa 9 usiku, akiwa amesimama, akiitwa kitanda kingine. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeshaanza kuwa na moto.

Siku ya tisa akapita kijana wa mazoezi. Ndivyo wodi nzima ilivyomwita, ingawa ni mtaalamu wa fiziotherapia, amesomea Moshi, na kwa hospitali ile alikuwa yeye na msaidizi wake tu. Waliovunjika mifupa walikuwa wake, watoto wenye mtindio wa ubongo wake, wa kiharusi wake. Shangazi alipata kama robo saa. Alimwamkia, akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana, kisha akauliza swali ambalo kwa siku tisa hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Bibi, nyumbani ukiamka unafanya nini?"

"Naswali."

"Halafu?"

"Nafagia uwanja. Nachota maji. Nakuna nazi."

"Kwenye mbuzi?"

Shangazi akamtazama kwa huruma. "Sasa baba, nazi inakunwa kwenye nini?"

Kijana akatugeukia akatufafanulia, naye hakuwa anatania. Mbuzi ya kukunia nazi iko chini, karibu na ardhi. Kuinuka pale kunataka paja na nyonga kuliko kupanda ngazi. Choo chetu cha kuchuchumaa kinataka zaidi, na hakina cha kushika. Kwa hiyo mzee wa kijijini akipoteza nusu ya nguvu ya mapaja, anapoteza choo, jiko na mkeka kwa siku moja, wakati mwenzake wa mjini mwenye choo cha kukalia angeendelea kujisitiri. Alikuwa na karatasi ya kipimo mkononi, ile ya Barthel, iliyochapishwa Marekani mwaka 1965, yenye vipengele 10 na alama 100. Ina kipengele cha ngazi. Cha kuchuchumaa haina, na cha sijida haina. Yeye alikuwa ameongeza vyake kwa kalamu pembeni. (Waliochunguza kumbukumbu za wazee wilayani Hai, Kilimanjaro, walikutana na shida ya namna hiyo: vipimo vingi vinamtaka mtu aandike au achore, na bibi asiyewahi kushika kalamu anaonekana amepoteza akili. Wakatunga kipimo kingine, na ndani yake mzee anapanga njiti za kiberiti.)

Mazoezi yenyewe hayakuwa na mashine. Kukaa ukingoni mwa kitanda miguu ikigusa sakafu, kila mlo. Kusimama kutoka kwenye benchi la wageni mara tano, akisukuma kwa mikono, asivutwe. Alirudia hilo la kutovutwa huku akiniangalia mimi. Yai, dagaa au maharage kila siku, kwa sababu nyama ya mguu haijengwi kwa uji. Kisha akauliza swala anaswali vipi. Kwa ishara, akiwa amelala, alijibu shangazi, kama mgonjwa anavyoruhusiwa. "Leo adhuhuri swali umekaa," alisema kijana. "Kesho tutaona rukuu, ushike kitanda." Mimi nilidhani ni maneno ya kumfurahisha bibi. Baadaye ndipo nilipoona ujanja wake: hakuna ratiba ya mazoezi duniani ambayo shangazi angeifuata mara tano kwa siku bila kukumbushwa, isipokuwa ile aliyokuwa nayo tayari.

Akiondoka nilimfuata koridoni kumshukuru. "Ningeitwa siku ya pili," alisema tu, akaenda kwenye wodi ya watoto.

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na matibabu bila malipo kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo yametajwa. Dirisha la wazee lipo, na ukuta wa mapokezi ulikuwa na bango la kutuagiza tumpishe mzee kwanza. Sibezi hata kimoja. Shangazi alihudumiwa mapema kwa sababu ya hayo. Ila bango linamwangalia mzee kwenye foleni, akiwa bado amesimama.

Nyumbani ilichukua muda mrefu, na mwingi wa muda huo haukuwa na kisa. Binti yake alihesabu: kaa, simama, kaa, simama, mara tano, mara nane. Wiki ya tatu akasimama bila kusukumwa. Mwezi wa pili akafika chooni kwa mkongojo, ambako mjukuu alikuwa amechimbia gogo la kushika. Maji hajachota tena na hatachota. Sijida imerudi, ya kuinuka kwa awamu mbili.

Sisi wa mjini tukataka nasi tuonekane. Kundi la ukoo kwenye simu lilichangishana, tukamnunulia kochi, la kitambaa cha maua, laini, zito, mito mitatu. Lilipofika tulimketisha, tukapiga picha, tukazituma. Alizama mpaka kiunoni. Magoti yalikuwa juu kuliko mapaja, na kila alipotaka kuinuka ilibidi aite mtu. Alivumilia siku nne kwa adabu, asituvunje moyo, akiita mtu. Siku ya tano akamwagiza mjukuu amlete fundi seremala.

Nilikuwapo. Fundi alikuja na futikamba, akapima kutoka kisiginoni hadi nyuma ya goti, akasema sentimita 40, ndiyo kimo cha kiti. Kochi lilikuwa nyuma yetu ukumbini, kuku mmoja ameshalipanda.

"Ongeza vidole viwili," alisema shangazi.

"Miguu itaning'inia, bibi."

"Itafika. Na mikono ya kiti usiifanye ya urembo. Ifanye ya kusukumia."